Sifuri kamili au hataki

Kaka, dada yangu kanichosha! Karudi kutoka chuo sasa hivi, kajifungia chumbani.

Leo programu yake ilijaribiwa mbele ya darasa. Inakisia jibu la hesabu, inarekebisha, inakisia tena, mpaka kosa libaki dogo sana, hapo ilitakiwa isimame. Yeye kaiambia isimame kosa likiwa sifuri kamili. Sifuri kamili! Desimali zile hazifiki huko, ikazunguka weee bila kusimama.

Mwalimu: "Binti, tukalale kwanza?"

Kampa mpaka kesho abadilishe mstari mmoja wa programu, la sivyo anarudia mwaka. Mstari mmoja kaka! HATAKI. Eti jibu la karibu-karibu ni uongo.

Nikamgongea: "Dada, andika huo uongo ufaulu!"

Kanijibu humohumo ndani: "Ndiyo maana wewe shule ilikushinda."

Nimebaki nimeshika kitasa.