Krimu Aliyoikataa Fundi

Ghorofa ya tatu, mlango wa pili kushoto,
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na mzee wako. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi kwa kuiomba ruhusa kila moja, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Natumaini ile dawa ya kuchua imesaidia, na kwamba umeacha kubeba ndoo za maji mwenyewe. Sisi huku tu wazima. Neno hilo leo naliandika kwa moyo wote, maana kwa miezi minne nilikuwa nalisema kwa mdomo tu.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila Jumamosi. Lakini kuna mambo simu haiyabebi, hasa katika nyumba ya vyumba viwili ambamo mgonjwa anasikia kila kitu. Kwa hiyo nimesogeza cherehani pembeni, nimekaa mezani, naandika.

Unajua jinsi kiharusi kilivyomkuta Fundi, mume wangu, kazini, akiwa amepiga magoti anaweka vigae kwenye bafu la watu. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakakatika. Mtu aliyekuwa akiimba huku akichanganya saruji akawa mtu wa kukaa dirishani, kimya, akitazama paa la jirani. Usichokijua ni hiki: nilichoka. Sikuchoka kumwosha wala kumvisha, nilichoka kuongea peke yangu. Mimi uliyeniita Kasuku tangu sijaota meno ya pili, nikaanza kuiogopa sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba.

Basi mwezi uliopita nilimpigia wifi yangu, dada yake mkubwa, nikamwomba aje amchukue akakae kwake. Nilimwambia ni kwa muda, ili mgonjwa abadilishe hewa. Moyoni sikuwa na uhakika kama ningemfuata kumrudisha. Nikafunga begi lake, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumbani na kulifunika shuka, kana kwamba begi likifunikwa halipo. Sikukwambia kwa aibu. Nisamehe, Shangazi.

Sasa ile habari ya krimu. Mtaalamu wa lishe kule kliniki alikuwa amesema mgonjwa amekonda mno, nimtilie krimu kwenye uji. Nikanunua pakiti kubwa. Siku ya kwanza alimeza vijiko viwili. Siku ya pili akafumba mdomo, akageuza uso, na huo ukawa mwisho wa uji. Krimu ikabaki zaidi ya nusu ndani ya friji, ikiwa imebakiza siku mbili kuharibika.

Jumamosi ile ulipopiga, wifi alikuwa anakuja kesho yake. Hilo sikuweza kukueleza, nikakulalamikia krimu badala yake, tena kwa uchungu kama mtu aliyeibiwa. Wewe hukunipa pole ndefu. Ulisema, "Usiimwage. Itie kwenye unga na chumvi, ukande, usukume nyembamba, uoke biskuti za chumvi. Krimu ni mafuta na ni maji, nusu ya kazi imeshakufanyia." Kisha ukauliza kama nina uma wa kutobolea. Nakiri nilikasirika. Nilitaka kubembelezwa, nawe ukanipa kazi.

Lakini kwa kuwa uliniambia, nilifanya. Vikombe viwili vya unga wa ngano, pilipili manga kidogo, na binzari nyembamba niliyoikuta chini ya kopo. Nikawa namimina krimu kidogo kidogo huku nachanganya kwa vidole, mpaka unga ukaacha kung'ang'ania bakuli. Nikaufunika, nikaupumzisha kama ulivyoagiza. Meza yetu unaijua ni moja, ya kulia na ya kukatia nguo, na siku hiyo ikawa ya kusukumia. Fundi alikuwa ameketi upande wa pili kwa sababu ya jua la dirishani.

Nilisukuma vizuri tu. Kukata ndiko kulikonishinda. Mimi ninayekata nguo za watu kwa chaki na rula, unga niliukata ovyo, kipande kimoja pembe tatu, kingine kama ramani ya nchi isiyojulikana. Nikasikia meza inagongwa. Fundi alikuwa anaigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka maji. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, akataka kisu.

Niliogopa kumpa, Shangazi, nikampa. Hakuanza kukata hapo hapo. Alinionyesha rula yangu, nikaishika mahali alipoelekeza, naye akapunguza ukingo mmoja mpaka ukanyooka. Baada ya hapo akafuata mstari huo, kidogo kidogo, ulimi ukiwa umebanwa pembeni mwa mdomo. Kila nilipoisogeza rula bila amri alinikazia macho. Tulipata vipande arobaini na viwili. Kimoja kilimeguka pembe, akakisukuma kando kwa kidole, vile vile alivyokuwa akikataa kigae chenye ufa. Akavipanga kwenye trei kwa nafasi sawa, akachukua uma, akatoboa kila kimoja mara tatu. Nilijifanya nafuta bakuli ili asinione uso.

Robo saa kwenye oveni. Biskuti zilipoanza kupata rangi ya kahawia pembeni nikazitoa, nikazipulizia, nikampa ya kwanza. Ilivunjika kwa mlio. Akatafuna taratibu, kisha akaacha kutafuna, akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyekosea kipimo cha saruji. Midomo ikahangaika.

"Chumvi," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu ina sauti mbili. Akavuta pumzi, akaanza upya kama mtu anayesukuma kabati.

"Hakuna chumvi."

Na ni kweli, nilisahau! Niliambiwa nioke biskuti za chumvi, chumvi yenyewe ndiyo nikaisahau. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka nikalia, na yeye hakuhangaika na mimi hata kidogo. Alikula nane. Bila chumvi, lakini alikula nane.

Kesho yake saa nne asubuhi wifi akafika, gari la kukodi likimsubiri chini. Nilikuwa sijapata la kumwambia. Fundi alipomwona dada yake mlangoni alimwambia neno moja, "Kaa." Wifi aliziba mdomo kwa kiganja, akakaa kwenye kiti cha karibu bila hata kuvua mtandio. Nikamvuta jikoni. Nikamweleza ukweli wote: kwamba nilitaka kumwondoa, kwamba sasa sitaki aende, na kwamba bado nimechoka vile vile. Nilitegemea matusi. Unajua mawifi.

Akanitazama, akaniambia, "Mbona hukusema ni wewe unayechoka? Ulisema ni yeye anayetaka hewa. Ungesema ni wewe, ningekuja zamani."

Akateremka ngazi mwenyewe, akaliruhusu gari liende. Tangu siku hiyo anakuja kila Jumanne na Alhamisi, nami nakwenda karakana ya kushona, nakaa na wenzangu, nasikia umbea, narudi nikiwa mtu. Kumbe nilikuwa namkimbia mtu aliyekuwa tayari kunisaidia.

Habari ya begi nilimweleza Fundi mwenyewe jioni hiyo. Sikutaka aisikie kwa mwingine. Alilitazama begi. Kisha akanyoosha kidole kabatini. Nikatoa nguo moja moja, na kila nilipoweka shati pasipo pake akasema "Hapana," ambalo ni neno lake la nne na ndilo analolipenda kuliko yote.

Sikudanganyi kwamba mambo yamenyooka. Mkono wa kulia bado umelala. Zipo siku haongei kabisa, na juzi alitupa kijiko. Lakini mtaalamu wa usemi amehesabu maneno kumi na moja, na amesema tuendelee kuoka, maana mkono unapofanya kazi unayoijua, ulimi nao unachangamka. Krimu sasa nanunua kwa makusudi, na chumvi naitia kabla ya kitu kingine chochote. Rafiki yake wa kazini, yule Mrefu, alikuja Jumapili akala sahani nzima ya biskuti, akauliza nani kazikata. Fundi alijigonga kifua.

Ninachokushukuru hasa, Shangazi, ni kwamba hukunihubiria. Kila aliyepita hapa aliniambia mvumilivu hula mbivu. Nilikuwa nimevumilia mpaka mbivu zikaoza. Wewe hukujua lolote la begi, ila ulisikia kitu kwenye sauti yangu, ukaniambia nikachukue unga. Mungu akulipe kwa kila Jumamosi uliyopiga, hata zile nilizokujibu kwa mkato.

Nisalimie sana mzee wako, mwambie namshukuru kwa ile redio aliyotutumia. Wasalimie binamu zangu pacha, na yule mkwe wako mwalimu, na Bibi Mdogo nambusu mkono kwa mbali. Mungu awape afya, akuondolee maumivu ya magoti, na akuweke mpaka tuonane ana kwa ana tukae jikoni kwako.

Nafasi hapo chini nimemwachia Fundi. Ameomba mwenyewe. Anaandika kwa kushoto, herufi zinaanguka kama walevi, usimcheke. Chai yangu imepoa nikimsubiri.

Ni mimi mwanao akupendaye siku zote,
Kasuku.

SHIKAMOO SHANGAZI. NIPO.