Mshika Kamba

Shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa wanangu. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Tunachimba kisima cha kiwanda. Mmoja anashuka, mwenzake anabaki juu na kamba, na kila siku tunabadilishana.

Mwenzangu ni yule askari wa kambini, yule aliyemwaga maji ya kaka tulipokuwa mateka na kaka anaungua na homa. Amezeeka sana. Nilimjua kwa kicheko chake cha puani. Yeye hakunijua.

Nakumbuka uliyoniambia siku niliyorudi peke yangu, kwamba nikimwona nisimwache hai. Nilikubali, na nilikubali kwa moyo wote.

Jana chemchemi ilipasuka akiwa chini. "Vuta, mzee! Au umesinzia?" akapiga kelele huku akicheka. Nikaishika kamba, nisivute. Maji yalipomfika kifuani kicheko kikaisha, akasema polepole, "Ndugu yangu, nakuomba."

Shemeji, kaka alimwomba hivyo hivyo.

Nikamvuta. Alipofika juu nikamwambia mimi ni nani na kaka alikuwa nani. Akakaa kwenye tope akalia. Sikumbembeleza, wala sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu bado.

Ukinikasirikia una haki, kaburi lenyewe hatukupewa. Ila sikuweza kuwa yeye.

Msimamizi aliuliza kama nataka mwenzangu abadilishwe, nikasema hapana. Kesho nashuka mimi, na kamba anashika yeye.

Ni mimi,
shemeji yako