Msimamizi Aliyeitwa Kufuli

4 Februari

Binti yangu,

Kosa la watu wengi wanaotafuta wasimamizi wa jukwaa la mtandaoni ni kumchukua yule aliyefukuza watu wengi. Wanamwona mkali, wanasema huyu ndiye mzoefu. Mimi nilisimamia jukwaa la mafundi cherehani tangu nilipostaafu ualimu hadi macho yaliponigomea, na ninakwambia... Lakini ona, nimeanza kufundisha kabla ya kusalimu. Hujambo mwanangu? Mgongo unaendeleaje? Au bado unashinda umeinama kuwanyoosha watu viungo hapo hospitalini? Mimi sijambo, ila barua pepe hizi ninaziandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Baba yako naye mzima, anawatangazia majirani kwamba umefungua kampuni ya simu. Nimemweleza kuwa ni jukwaa la watu wanaowauguza nyumbani ndugu zao waliopata kiharusi, mahali pa kuulizana na kutiana moyo. Amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mnara utajengwa wapi.

Turudi kwenye swali lako. Unasema walioomba nafasi ni wengi na wawili wamekuvutia: mkutubi aliyesimamia jukwaa la wazazi, na yule jamaa wa jukwaa la mashabiki wa mpira anayeitwa Kufuli kwa jinsi anavyofunga mada. Usiwaulize wamefanya nini, maana kila mtu hujieleza vizuri. Mwambie kila mmoja akupe mtu mmoja ambaye aliwahi kumfutia ujumbe au kumfungia asiandike tena. Kisha mpigie huyo mtu. Sisi mafundi tulifanya hivyo kila tulipoongeza msimamizi, na wapo waliokasirika wakaondoka zao. Tuliwaacha waende. Ukisikia, "Alinifungia, lakini alinieleza sababu," huyo mchukue.

Mimi anayekuwaza,
Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Matone ya macho unatia? Usiniambie chupa imepotea tena. Mimi nipo, mgongo umetulia.

Nilifanya ulivyosema, ingawa niliona haya. Mkutubi alinipa mama aliyefutiwa tangazo la dawa ya kuwafanya watoto wawe na akili darasani. Alikasirika wakati ule, sasa ni marafiki na wanatembeleana. Kufuli alinipa shabiki wa timu pinzani. Huyo alicheka sana. "Dada, Kufuli amenifungia mpaka nimezoea," alisema. "Hana upendeleo, hata kaka yake wa damu alimfungia. Ila maelezo usiyatarajie. Unaamka tu, uko nje."

Nimewachukua wote wawili. Najua umekunja uso. Lakini wauza dawa za uongo wameshatunusa, na ninahitaji mtu asiyewaogopa. Tumefungua wiki hii. Kanuni nimeziandika mwenyewe, chache tu, na ya nne inakataza kuandika lolote linalomdhalilisha mgonjwa. Jana Kufuli aliwatimua wauza mafuta ya miujiza kabla sijamaliza chai yangu. Nilijiona kama mwenye nyumba aliyeweka mlango mpya.

Wako,
Binti yako


12 Machi

Binti yangu,

Habari za huko? Kimya chako kimezidi. Je, unaumwa?

Ninasoma jukwaa lenu kwa kioo cha kukuzia. Nimesoma ya yule mwashi aliyeeleza jinsi ya kufunga vishikio kwenye ukuta wa bafu ili mama yake asimame mwenyewe, na jinsi mkutubi alivyomwuliza kwa upole urefu wa kutoka sakafuni, ili wengine wasikosee. Huo ndio usimamizi. Nilimsomea baba yako kwa sauti. Hakuuliza habari ya mnara. Aliuliza tu, "Haya yote ameyaanzisha yeye?" Nikamjibu ndiyo, ni huyo huyo aliyekuwa akilia akitumwa dukani. Tukakaa hapo, wazee wawili, tumevimba vichwa.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe. Mwili mzima, roho haijatulia.

Kuna mwanachama wetu, dereva mstaafu wa malori, anayemuuguza mkewe. Ndiye aliyewafundisha wenzake kumgeuza mgonjwa kitandani kwa shuka. Wiki iliyopita aliandika: "Leo nimemwacha kwenye kiti, nikatoka, nikafunga mlango. Ameniita. Nimemsikia. Sikwenda." Watu wakamrukia, mmoja akamwita mnyama. Kufuli, aliyekuwa zamu, akaufuta ujumbe wa dereva kwa kanuni ya nne na kumfungia. Aliyemwita mnyama akaachwa.

Nimemwandikia dereva kumwomba radhi, hajibu. Simjui jina wala anakokaa. Nikiwa kazini ninawashika watu mikono, kumbe ninamwaza yule mama kwenye kiti. Ikiwa bado ameketi pale, na mumewe hana tena pa kusema, ni mimi niliyemfungia mlango.

Nimeandika barua ya kumwondoa Kufuli. Nataka uisome kabla sijaituma.

Binti yako


16 Machi

Binti yangu,

Leo salamu zangu ni fupi: nakupenda, na hiyo barua usiitume.

Kanuni ya nne aliiandika nani? Kufuli aliifuata neno kwa neno. Alikosea, ndiyo, lakini uliajiri mtu wa kufuata kanuni, ukampa kanuni isiyomtofautisha anayemtukana mgonjwa na anayelemewa naye. Aliyelemewa hamdhalilishi mtu. Anaomba msaada kwa maneno mabaya, kwa sababu mazuri yamemwishia.

Sasa fanya hivi. Mfungulie dereva na urudishe ujumbe wake. Futa lile neno la mnyama, na aliyelisema aelezwe sababu. Zuia majibu kwa muda, watu wapoe. Halafu dereva aandikiwe na Kufuli mwenyewe, si wewe wala mkutubi. Mtu aliyefukuzwa na msimamizi mmoja na kukaribishwa na mwingine atabaki akijiuliza lini atafukuzwa tena. Niliyaona hayo kwa mafundi wangu mara nyingi.

Kisha mtasubiri. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na baba pia. Leo nina habari.

Kufuli hakubishana. Aliandika, akanionyesha kabla ya kutuma: "Mzee, mimi ndiye niliyekufungia. Nilikimbilia kanuni, sikukuuliza hata kama mko salama. Ujumbe wako umerudi mahali pake. Mama anaendeleaje?" Baada ya hapo kila asubuhi alinipigia kuuliza swali moja tu. Kila asubuhi nilimjibu bado.

Juzi dereva alijibu. Siku ile alirudi ndani baada ya muda mfupi, akamkuta mkewe amesinzia kwa kulia, akapiga magoti akamwomba radhi. Kesho yake alimwita shemeji yake na kumweleza ukweli, na sasa shemeji amehamia kwao, wanapokezana. Anasema aliyaona yale matusi, ndiyo maana hakutaka kufungua chochote kinachotoka kwetu. Alichofungua ni ujumbe wa Kufuli tu, kwa kuwa mstari unaoonekana kabla ya kufungua ulikuwa wa kukiri kosa.

Basi akaingia jukwaani na kuandika neno moja: "Nipo." Shangazi, ungeona. Yule mwashi aliandika kuwa huongeza sauti ya redio asimsikie mama yake. Mwingine hujifungia chooni. Hadi mchana ukurasa ulijaa, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Mkutubi amesema hajawahi kuona jukwaa changa namna hii likisema kweli kiasi hiki. Nilisoma nikiwa nimesimama koridoni na sare yangu, nikatamani kumsimamisha kila anayepita.

Kanuni ya nne tumeiandika upya, sisi watatu pamoja.

Kuna jambo moja tu. Jana Kufuli aliaga. Anasema watu wa mpira wanamfaa zaidi, hawamkoseshi usingizi. Walioomba bado wanasubiri, na yupo mmoja mwenye maneno laini sana. Nifanye haraka nimchukue?

Binti yako


3 Aprili

Binti yangu,

Sisi wazima, na macho ya shangazi yako yamelowa bila matone. Baba yako amenifanya nisome barua yako mara mbili, kisha akaenda kwa majirani kusahihisha habari. Hakuna kampuni ya simu, amewaambia. Binti yake ana jukwaa ambalo watu huingia wamejificha na kutoka wamenyooka. Sijui neno hilo alilitoa wapi. Mimi sikulisema.

Ninajivunia wewe. Ningekuwa bado na mafundi wangu, ningewaambia waje kujifunza kwako.

Kuhusu mwenye maneno laini, anaweza kuwa mtu mwema, lakini bado hujui atafanya nini siku atakapomkosea mwanachama. Kufuli unajua. Umemwona akikubali alichokifanya, akaomba radhi kwa jina lake, akapiga simu kila asubuhi kumwulizia mtu asiyewahi kumwona. Kukosa usingizi ndiyo dalili kwamba amewaona watu nyuma ya maandishi, na hilo yeye halijui, anadhani ni udhaifu. Ni lazima aambiwe na mkubwa wake wa kazi, kwa sauti.

Mpigie Kufuli leo, kabla hujavaa sare, umwambie abaki.

Shangazi yako