Mgongo wa Chifu

Lurambi, Kakamega

Osiako, mtoto wa mama yangu,

Mulembe. Mulembe pia kwa hicho kifua chako, ambacho najua hakijapona kwa sababu dawa uliinywa siku mbili ukaisahau dirishani. Nasikia ng'ombe wako wa madoa amezaa. Kama ni ndama jike usimuuze, hata wakikubembeleza namna gani. Sisi huku tuko. Magoti yangu yanalia mvua ikikaribia, lakini bado nafika kisimani na kurudi bila kubebwa, na meno yaliyobaki yanatafuna mahindi ya kuchoma, kwa hiyo habari za afya yangu ziishie hapo.

Maneno haya ni yangu, mkono ni wa Maurine, mke wa mjukuu wangu Bravin. Wewe baba alikupeleka shule, mimi akanipeleka shambani, basi soma mwenyewe. Usimpe mtu akusomee hapo kibandani kwako Butere. Ningepiga simu, lakini simu wewe unaipokea cherehani ikinguruma, unasema ndiyo, ndiyo, sawa, kisha unakata. Jambo hili sitaki likatwe.

Habari ni ya Chifu, farasi wa Bravin. Unakumbuka alivyokuja kutoka Uasin Gishu, mpole, anatembea polepole kama mtu anayekwenda kufungua baraza, mpaka watoto wa kanisani wakampa jina hilo. Mwaka mzima Bravin alimtandikia gunia na blanketi, akabeba watoto Jumapili na maharusi Jumamosi, na hakuna aliyelia. Sasa amekuwa mtu mwingine. Ukitoka naye zizini ni yule yule, anakunusa mfukoni akitafuta kipande cha muwa. Lakini aone tandiko limeletwa! Masikio yanalala nyuma. Mkanda wa tumboni ukikazwa anageuka kumuuma Bravin mkono wa shati. Mtu akipanda, mkia unachapa huku na huku na nzi hakuna, na mteremkoni anasimama kabisa, akisukumwa anarusha miguu.

Yaliyotuaibisha ni ya harusi ya kwa Wekesa. Bwana harusi alipandishwa, ngoma za isukuti zikaanza kulia, wamama wakapiga vigelegele, na kabla hawajafika kwenye hema Chifu alimtupa kijana wa watu kwenye shamba la viazi, suti ya rangi ya maziwa na yote. Bibi harusi alicheka mpaka mama yake akamfinya. Mzee Wekesa hakucheka. Alimwambia Bravin mbele ya watu kwamba yeye aliomba bwana harusi aletwe juu ya farasi, siyo chini yake. Tangu siku hiyo mama akimwona Chifu anamvuta mtoto wake pembeni, na Bravin amekaa nyumbani, sahani inarudi jikoni na chakula chake.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Aliyemuuza alisema kwa simu kwamba farasi huyo anapima watu, apigwe. Wengine walisema ana jini. Wamama wa kanisa walikuja kumwombea, na Chifu alitulia kwenye maombi kuliko mzee wa kanisa, kwa sababu hakuna aliyemwekea kitu mgongoni. Mimi nilisema ni muwa. Nilisema Bravin amemlea kama kitinda mimba, sasa amejua kukataa kazi, na nikakata fimbo mwenyewe nikampa Bravin. Nakwambia ili usidhani niliona mbele kuliko wenzangu.

Kisha akaja Ayub, yule wa Mumias anayebeba mchanga wa mtoni kwa mikokoteni. Alisalimu vizuri, salaam aleikum, akakaribishwa chai, akamzunguka Chifu akimpapasa kifua. Akasema kwa upole kabisa kwamba farasi wa mchanga hahitaji tabia, anahitaji mabega. Bravin aliangalia chini, akakubali. Ayub atakuja kumchukua Jumamosi hii ya soko. Si mtu mbaya Ayub, lakini punda wake nimewaona, na wewe umewaona. Chifu akienda mtoni hamalizi mvua mbili.

Wakati huohuo ng'ombe wangu alikuwa amevimba kiwele, akaja kumtibu daktari Chepkemoi, yule binti wa Kikalenjin aliyeolewa huku, wa mifugo upande wa Bukura. Alipomaliza nilimwambia, mwanangu, kabla hujapanda pikipiki hebu niangalilie na huyu jeuri wangu. Akaniuliza nimejuaje ni jeuri. Nikamwambia angalia masikio. Akacheka, akaniita bibi kwa Kiluhya chetu, akasema, "Kukhu, farasi mvivu na farasi anayeumia wanalaza masikio sawasawa. Kwa masikio peke yake utamhukumu mtu bure."

Basi akaanza kutafuta panapouma. Aliinua kwato moja moja, akazigonga. Akamfungua mdomo, akamulika meno na pale lijamu linapokaa. Akamwambia Bravin amtembeze bila kitu mgongoni, kwenye barabara ya murram, kisha amzungushe kwa kamba, huku na huku. Chifu akatembea kama maji. Hapo mimi nikasema, umeona, hana ugonjwa, ni ujanja tu. Daktari akasogea mgongoni. Alishusha vidole viwili kutoka mabegani, akibonyeza taratibu kando ya uti wa mgongo, na alipofika katikati, Osiako, mgongo wa yule mnyama ulizama chini kama kitanda cha kamba kikikaliwa. Akabonyeza tena, ukazama tena, na ngozi ikawa inatetemeka. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu. Niliitupa nyuma ya choo.

Hata hivyo daktari hakutaka kusema kabla ya kujua. Alisema farasi wengine ni watu wa kutekenyeka tu. Akaacha dawa ya kutuliza maumivu, Bravin aichanganye na pumba na molasi, kisha ampande kama kawaida, na tandiko lilelile, mara moja tu, kidogo tu, tuone. Alituonya kwamba dawa hiyo ni ya kuuliza swali, siyo ya kumfanyisha kazi akiwa hasikii maumivu, na nikiona Bravin anakwenda naye harusini nimfungie mlango.

Ile asubuhi Bravin alipopanda nilishikilia nguzo ya zizi. Chifu alitembea. Alizunguka boma lote, akapita kwenye migomba, akateremka mpaka kisimani na kupanda, mkia umelala, masikio yanacheza kama ya zamani. Bravin alikuwa analia na anacheka. Maurine hapa anasema nisimwandike yeye, lakini naye alilia. Dawa ilipomwisha mwilini daktari akaja tena, wakamtandika, na yale yale yakarudi: meno, mkia, miguu. Nikaelewa mwenyewe bila kuelezwa. Dawa ya maumivu haiwezi kumtoa mtu jeuri. Chifu hakuwa anakataa kazi. Alikuwa anatuambia, na sisi tunamjibu kwa fimbo.

Ikabaki kujua ni nini kinamuumiza. Walipomtandua, alikuwa amelowa jasho mgongo mzima, isipokuwa katikati, kavu kama kiganja. Daktari alisema mahali panapobanwa sana jasho halitoki. Akapanua manyoya, akatuonyesha nywele nyeupe zinazoota pale, kwa farasi mwekundu. Kisha akalichukua tandiko, akaligeuza chini juu, akaweka ngumi yake ndani na kulikandamiza.

Sasa kaa chini, kama ulikuwa umesimama. Ni tandiko lako, Osiako. Ile siti uliyomshonea wakati wa Pasaka.

Siti ni nzuri. Daktari mwenyewe aliikalia akasema hajawahi kukaa pazuri hivyo. Ngozi nyekundu, mshono mara mbili, jina la Chifu kwa uzi mweupe. Lakini uliishona kama unavyoshona siti za bodaboda. Ulimpima Bravin makalio kwa kamba, tukacheka wote, na Chifu hukumpima. Chini uliweka ubao ulionyooka na sponji juu yake, kwa sababu pikipiki haina uti wa mgongo. Sponji yote iko upande wa mpandaji. Upande wa Chifu ni ubao, na ubao unakaa juu ya mfupa. Mpandaji akiwa mzito au mteremko ukianza, unamchoma.

Nitakwambia na la pili, ambalo ndilo limenifanya nimsumbue Maurine na kalamu. Wiki iliyopita ulipopiga simu ukauliza siti inaendeleaje, nilikuwa tayari najua, na nikakujibu inameremeta. Nilikudanganya. Tulikubaliana hivyo hapa nyumbani. Tulikumbuka Milcah wako alipokufa, ulivyofunga kibanda, ukawa unakaa umeelekea ukuta, na hatukujua la kufanya mpaka ulipomwona Chifu na gunia lake ukasema farasi gani huyu anavaa kama punda. Ulifungua kibanda kwa ajili ya siti hiyo. Ulianza kula kwa ajili ya siti hiyo. Bravin amesema hawezi kuweka siti ya mtu mwingine juu ya farasi, wala kumrudishia gunia, vijana wa bodaboda wa Butere waje wakwambie kazi yako imetupwa. Afadhali, anasema, Chifu aende kwa Ayub, na kuka yake, yaani wewe babu, asijue. Anajua farasi anapona. Anamuuza kwa ajili yako.

Mimi nimekataa. Bravin hajui barua hii, mkewe anaiandika amefunga mlango. Ukikasirika, nikasirikie mimi, nimekubeba mgongoni ukiwa mtoto na ulikuwa mzito na unakojoa, siogopi hasira yako. Lakini sitakuacha uitwe sababu ya mnyama kwenda mtoni, hali wewe hukuulizwa.

Daktari amesema kazi yenyewe haina maajabu kwa fundi. Anataka mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pawe wazi kama mfereji, hewa ipite. Kwanza mgongo upumzishwe mpaka mfupa usiogope kidole, na baada ya hapo umbo lichukuliwe juu ya Chifu mwenyewe. Siwezi kulieleza vizuri, na kwenye karatasi halieleweki. Linataka mkono wako.

Basi njoo kabla ya Jumamosi. Usije kumwomba mtu msamaha, hakuna anayekudai. Ingia zizini, weka vidole pale alipoweka daktari, usikie unavyozama. Kisha mwambie Bravin kwa kinywa chako kwamba siti ile ivunjwe na nyingine ishonwe, kwa sababu kwangu hatasikia, na Ayub hatasubiri. Ayub mwenyewe niachie mimi. Nitamchinjia kuku, nimpe chai na ingokho, na ataondoka bila farasi.

Wasalimie majirani wa kibandani na huyo ndama, na upite kaburini kwa Milcah umwambie nimeuliza habari zake. Maurine anakusalimu. Bravin angekusalimu kama angejua. Chifu hana salamu, ana mgongo, na uko hapa.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda hata nikikufokea,

Jescah
(kidole changu kiko hapo chini, wino umemwagika kidogo)