Maji ya Zambarau

Izia, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na umeacha ubishi wa kwenda shambani likikuuma. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ufipa haina adabu, nalala na sweta.

Uliuliza kwa nini nimekaa kimya mwezi mzima. Ni mambo ya mama mwenye nyumba wangu, Mama Sabina. Tangu biashara huria iruhusiwe, rangi za unga zinaingia kwa wingi kupitia Tunduma, na yule mjane analisha wanawe kwa batiki. Lakini maji yake ya kusuuzia yalikuwa yakishuka na mfereji hadi kwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, yakiwa ya zambarau kabisa. Ndama wake wakagoma kunywa. Mzee akaja kwa upole: "Mama, nitarudi Jumamosi. Nikiyakuta hivi hivi naenda kwa mtendaji, kazi hii ifungwe."

Mama Sabina hakula siku hiyo. Nami fundi wa maabara ya maji, ningenyamazaje? Nilikinga yale maji kwenye pipa, nikatia maji ya betri kidogo yawe makali. Ijumaa jioni nilimwachia hivyo, ili asubuhi niongeze chuma na ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Vitu hivyo vikikutana kwenye ukali, Mama, vinaivunjavunja rangi yenyewe. Haijifichi, inakwisha. Kwenye chupa kazini ilikubali vizuri sana.

Jumamosi, mbele ya Mzee, nikatia chuma na dawa, maji yakabaki zambarau vilevile. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nikapima kwa karatasi ya maabara: ukali wote umekufa.

"Mama Sabina, umetia nini humu?"

"Magadi, mwanangu. Niliyaona makali mno, nikakusaidia kuyalainisha. Kwani maharage magumu tunayalainisha na nini?"

Mzee Masanja alicheka mpaka akakalia ndoo. Akatupa siku tatu, basi.

Jumanne tulirudia, magadi nikiwa nimeyafungia chumbani kwangu. Maji yakageuka kahawia, yakafifia. Nikatia chokaa kuondoa ukali, kutu ikatulia chini, juu yakabaki maji maangavu. Mzee akasogea hadi kwenye pipa. Alitoa leso yake nyeupe, akaichovya, akaikamua, akaiinua juani. Ilikuwa nyeupe. Akamgeukia Mama Sabina: "Basi mke wangu anataka batiki. Zambarau hiyohiyo." Mama Sabina akaingia ndani kulia, nikamfuata nikalia naye. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku hiyo.

Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, shangazi yetu wa kwaya, na bibi. Mwambie bibi bado sijapigwa ile radi ya kichawi ya Wafipa anayoiogopa.

Aliyekuletea barua hii ana batiki yako pia, Mama Sabina kaitia rangi kwa mkono wake na amekataa katakata kulipwa chochote. Ukiifua mara ya kwanza itachuja. Maji yake yamwage mbali na kijito, Mama, maana huko mimi sipo.

Mwanao akupendaye,
Atupele