Baba Amesikia "Kwaya" Tu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna jambo ninalolitaka sana na nimeshindwa kulieleza nyumbani. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, ninaishi Kihonda na wazazi wangu, na nina kigugumizi tangu utotoni, darasani nikiambiwa nisome kwa sauti wenzangu huanza kupiga miayo kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Rafiki yangu Faraja alinipeleka Mazimbu kwenye kikundi kinachoimba kila Jumamosi nyimbo za mataifa mbalimbali, za Kizulu, za Kiarabu, za Kongo, na hakuna anayepimwa sauti, ukija unaimba, kuna wanachuo, kuna mama anayeuza mboga, kuna babu mmoja ambaye kila wimbo anaukosea na wote wanampenda. Nilikaa nyuma nikaanza kuimba polepole, na mshauri, maneno yakatoka, yote, mpaka mwisho wa wimbo sikukwama hata mara moja.

Jioni wakati wa kula nikataka kuomba ruhusa vizuri. Nilipanga kusema ni kwaya ya nyimbo za mataifa, inafanyika ukumbini na siyo kanisani, lakini nilikwama kwenye "kwa-kwa-kwaya", na nilipoitoa Baba alikuwa ameshaweka tonge chini. Sisi ni Waluguru, tena Waislamu, na kwetu mtu akisema kwaya amesema kanisa.

"Anafundisha nani?" akauliza.

Nikasema Mwalimu Eustace.

"Haya. Unabatizwa lini?"

Mdogo wangu Nasibu akadakia, "Ha-ha-haleluya!" Mama alimkata jicho, lakini hata yeye alicheka kidogo. Baba hakucheka. Akasema, "Mwanangu, kama ni kuimba, si kuna kaswida madrasa? Huko usiende tena." Kaswida nilishajaribu, wanachagua wenye sauti nzuri na mimi sikuchaguliwa, ila hilo nalo sikuweza kulisema, maana Baba akinisubiri nimalize ndipo ninapokwama kabisa. Faraja ananiambia nidanganye kuwa naenda tuisheni. Sitaki. Baba ni mtu mzuri na hajawahi kunicheka. Nifanyeje?

Hafidha, Kihonda

*

Marahaba, Hafidha, na pole. Faraja ni rafiki mzuri, lakini kwa hili mwambie anyamaze. Ukidanganya tuisheni, siku Baba atakapojua atakuwa na sababu ya kweli ya kukukataza.

Sasa na wewe nikukaripie. Mimi mtu usiyenijua umeniandikia habari yote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama popote. Baba yako amepata neno moja tu, tena lile baya kuliko yote uliyokuwa nayo! Mimi naimba kwaya ya kanisani kila Jumapili, kwa hiyo niamini: mnachofanya ninyi siyo ninachofanya mimi. Chenu ni kikundi cha nyimbo. Neno "kwaya" liache huko huko ukumbini.

Chukua karatasi, umwandikie Baba kama ulivyoniandikia mimi. Hilo la kaswida pia liandike, asidhani umeidharau. Mpe Mama ampelekee Baba akishakunywa chai, Nasibu akiwa ametumwa dukani. Mama aliyecheka kidogo hajakasirika, atakusaidia. Halafu mwombe Mwalimu Eustace apige hodi kwenu kwa heshima, amuulize Baba kama anaujua wimbo wowote wa Kiluguru wa kuwafundisha. Kama mnaimba mpaka za Kizulu, za Uluguru mmeziachia nani?

Baba akishakuja kuona na bado akasema hapana, utamtii. Lakini mwombe kwanza aje Jumamosi, akae mlangoni, asikilize wimbo mmoja. Siku hiyo usimweleze chochote. Imba tu. Miaka yote amekusubiri umalize, Hafidha. Mwache akusikie ukimaliza.

Bi Devotha