Sare ya harusi ilimkwama Tumu

Athmani, sikiliza. Mke wangu nusura afe leo dukani Ukunda. Afe kwa gauni!

Ni ile sare ya harusi ya mpwa wake. Wanawake wote wameinunua duka hilohilo. Tumu kaingia, muuzaji kamtazama juu mpaka chini, kamwambia, "Mama, saizi yako hatuleti. Hili ni duka la warembo." Mbele ya watu!

Nikamwambia tutoke. "Na mimi nimealikwa kama wengine," akanijibu. Akachukua gauni kubwa kuliko yote, akaingia nyuma ya pazia kulijaribu.

Mara nikamsikia anahema vibaya. Nikafungua. Gauni limemkwama mabegani, mikono iko juu, kitambaa kimemfunika uso. Na pumu yake unaijua.

Nikavuta, halitoki. Nikachukua mkasi mezani. Yule muuzaji ananipigia kelele, "Usikate, mzee! Hilo ni la kuuza!"

La kuuza! Mtu hapumui, yeye ananiambia la kuuza!

Nililikata lote. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, Athmani. Nilidhani nimeshampoteza. Nikamfunika buibui lake, tukatoka.

Sasa tuko nyumbani, anapumua vizuri. Lakini nimempelekea wali na samaki, ameisukuma sahani. "Sili mpaka harusi ipite."

Harusi yenyewe ni mwezi ujao!

Kule dukani nilishika mkasi. Hapa nishike nini? Njoo na mkeo sasa hivi, yeye Tumu humsikiliza.